Punda Waliookoka

Jumamosi, kabla ya chakula cha jioni. Mawingu yalikusanyika upande wa Itilima mchana kutwa, kisha yakaondoka bila kunyesha. Sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri pia.

Mama alizikwa kabla ya mavuno ya pamba. Sasa pamba imeshauzwa, mabua yamechomwa, na mimi bado sijalia.

Sisemi hivi kwa kujisifu. Msibani shangazi zangu walinitazama kama mtoto aliyekosa adabu. Tangu siku ile neno "mama" halijatoka mdomoni mwangu. Kuliandika hapa naweza, kulitamka siwezi. Hata mke wa mchungaji, ambaye wote wanamwita Mama Mchungaji, mimi namwita Mwalimu.

Yeye ndiye anayetupeleka sisi watoto tuliofiwa, kila Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa nje kidogo ya Bariadi. Pale wanatunzwa punda watatu waliookolewa. Wawili walikuwa njiani kwenda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Wa tatu, jike la kijivu, alibebeshwa maji mpaka mgongo ukachubuka. Tunawasugua vumbi, tunawanywesha, kisha tunaomba. Mwalimu anaamini Mungu huweza kumponya mtoto kupitia kiumbe kisichouliza maswali.

Bibi yangu hunitania. Leo asubuhi alisema, "Punda wa kanisani wameshaokoka, mjukuu wangu. Wewe lini?"

Tulipofika, Mwalimu alituambia kila mmoja atue mzigo wake kwa punda. Alimaanisha huzuni. Kabula, mtoto wa miaka sita kutoka Migato, akavua begi lake la shule na kuliweka mgongoni kwa yule jike.

Wenzetu walicheka. "Kabula, ongeza na dumu!"

"Si amesema tutue?" Kabula akajibu, karibu kulia.

Mimi nilikuwa namtazama punda. Aliganda. Aliinamisha kichwa, masikio yakalala nyuma, akasubiri kuswagwa. Ndani ya begi mlikuwa na daftari moja na kandambili. Lakini yeye alikuwa ameshajiandaa kwenda mbali.

Nikalitoa begi. Hakusogea. Nikaweka kiganja kwenye kovu lake, pale manyoya yalipokataa kuota, nikamwambia polepole, "Leo hakuna safari, mama. Pumzika."

Ndivyo Mama alivyokuwa akiniita mimi. Umekula, mama? Kalale, mama.

Nilisimama nikisubiri machozi, maana niliona ndiyo saa yake.

Hayakuja.

Punda alishusha pumzi ndefu, akasogea kidogo, akaanza kutafuna majani. Nikamrudishia Kabula begi lake.

Nyumbani nilimkuta Bibi anapepeta choroko. "Haya, umeokoka?"

"Bado, Bibi. Ila nimesema 'mama'."

Ungo ukasimama. "Umemwambia nani?"

"Punda."

Nilijua atacheka. Hakucheka. Alisogea pembeni ya mkeka akaniachia nafasi, tukachambua mawe kwenye choroko mpaka jua likashuka.

Jumamosi ijayo nitajaribu kumwita Mwalimu "Mama Mchungaji", kama wenzangu. Nikishindwa, nitaanza tena na punda.

Kila usiku napiga magoti na maneno hayaji. Leo lilikuja moja, mchana, nikiwa nimesimama, na sikumwambia Mungu.

Je, nalo lilikuwa sala?