Sauti Yako na Safari ya Darasa la Lagi

Baba Lagi,

Nimewahi sokoni. Basi la darasa la Lagi linaondoka saa mbili kwenda ufukweni Lalomanu, na mzazi wa kuwasindikiza ni wewe. Majimbi na nyama ya kopo viko kwenye kikapu. Shada la peremende lililoning'inia mlangoni ni la kumvisha Lagi shingoni Ijumaa, siku ya kufunga shule. Usilionje, nakujua.

~~Na tafadhali, usiimbe basini.~~

Hiyo nimeikata. Alfajiri Lagi alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mama, baba akiimba kama mwaka jana, mimi nashuka natembea." Nikaanza kukuandikia. Mara mwalimu Palepa akapiga simu: redio ya basi imekufa, na watoto wanauliza kama yule baba mwenye sauti ya fahali atakuja. Lagi akasikia yote. Akabetua midomo, kisha akasema, "Haya, aimbe. Ila asinikonyeze."

Kwa hiyo imba, mume wangu, na macho yako yatazame bahari.

Chai iko kwenye chupa. Vaa kofia, hicho kipara kitaungua.

Sasa hivi naondoka nikimwacha Lagi kwenye ngazi, anatunga shada jingine la peremende, kubwa kuliko lile la mlangoni. Nimemuuliza ni la nani, anasema ni la rafiki yake. Sijui ni mtoto gani wa darasa la tatu mwenye shingo nene kama yako.

Mama Lagi