Tulivyomhesabia Clem Sekunde

Polonia, Wisconsin
Jumatatu, 29 Januari 2024

Mpendwa dada Delphine,

Pokea salamu tele kutoka huku kwenye theluji. Natumaini wewe na shemeji Harlan mmeamka vizuri, na goti la shemeji limeacha kumsumbua. Mimi na wifi yako Bernadine hatujambo kwa miili. Nimesema kwa miili makusudi. Mengine yako mbele, na nakuomba usiruke kurasa kama ulivyozoea.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu imenishinda, dada. Jumapili ya juzi nilikupigia nikiwa nimejiandaa kabisa, nikaishia kukueleza habari za theluji na bei ya majani ya ng'ombe. Kalamu angalau haisikiki ikitetemeka.

Baridi ya mwaka huu ilichelewa, halafu ikaja yote kwa mpigo. Katikati ya mwezi tulishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, bomba la zizini likapasuka, nikalala chali kwenye barafu nikilifunga na matambara huku ng'ombe wakinitazama kama mtu asiyejua kazi. Tumebakiza kumi na wawili tu. Bernadine anasema wauzwe. Mimi nasema tungoje kidogo.

Timu yetu ya Green Bay imeshatolewa, nadhani uliona, tena mwishoni kabisa. Kwa hiyo tumeingia kile kipindi chetu cha ukame: futiboli yetu ya helmeti na kuangushana imekwisha, na besiboli bado wiki kadhaa hata warushaji waende kambini huko kwenu Arizona. Unajua watu wa hapa wanafanya nini wakati huo. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kukamua, tunakwenda kukaa nyuma ya duka la vifaa la Alfons Zblewski, kwenye jiko la kuni, tunabishana mchezo upi una mwendo na upi unakwenda kama konokono. Baba alibishana pale pale, na sisi tumerithi viti.

Upande wa futiboli niko mimi na Duane Literski, yule dereva wa lori la maziwa mwenye sauti ya tarumbeta. Upande wa besiboli ni Alfons na kaka yetu Clem. Hilo halijabadilika kwa miaka thelathini.

Duane husema besiboli unaweza kuiacha, ukakamua ng'ombe sitini, ukarudi, ukakuta jamaa bado anajikuna na kutema maganda ya mbegu. Clem naye humjibu, "Ndiyo raha yake, bwana. Kazi yako inakwenda na mchezo unakwenda. Nani anataka kuharakishwa zizini?" Kisha anamgeuzia kibao. Mwaka mmoja alikaa na saa mkononi mechi nzima ya timu yetu, akaipima mara zile tu mpira unapochezwa. Dakika kumi na moja katika muda wa saa tatu! "Wanaume wazima ishirini na wawili," akasema, "wanaangukiana sekunde nne, halafu wanainuka tutazame matangazo ya bia. Huo ndio mwendo?" Duane alinuna mpaka Kwaresima.

Lakini hoja yake kubwa unaijua, amekuimbia tangu utotoni. Katika futiboli saa ndiyo inayokuua. Katika besiboli hakuna saa, na mpaka mtu wako wa mwisho atolewe, hujafa. Ndiyo maana walipoweka ile saa ya warushaji mwaka jana, sekunde kumi na tano uwe umerusha, Clem aliumia kama mtu aliyeuziwa shamba lake bila kuambiwa. Alizima redio ya zizini wiki nzima. Mimi nilicheka. Nilimwambia, karibu duniani, kaka.

Sasa dada, sogea karibu, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Mwezi wa kumi na moja nilianzisha utani pale dukani. Mtu akivuta maneno, tunamhesabia kwa sauti, kama saa ile: tano, nne, tatu, mbili, moja, zamu imepotea! Anayepoteza zamu anakaa kimya mpaka mwingine amalize. Watu walipenda mno. Hata mke wa Alfons alikuwa anatoka mbele ya duka kuja kuhesabu.

Na aliyepoteza zamu kila Jumamosi alikuwa Clem. Tangu kuzaliwa ni mtu wa kusema taratibu, hilo unalijua, lakini sasa akawa anaanza neno na kulisimamisha katikati. Tulidhani anafanya makusudi. Tulidhani anagomea saa! Duane alisema, "Mzee huyu anatukomesha," na sote tukaona ni sawa kabisa, ndivyo Clem alivyo. Basi tukazidi kumhesabia. Mimi ndiye niliyekuwa nikianza, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa anacheka nasi. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na sikujiuliza upande wa pili una nini.

Wiki saba tulimhesabia hivyo.

Mkesha wa Krismasi tulikaa mezani kama Mama alivyotufundisha, tukasubiri nyota ya kwanza, tukachukua ile kaki ya kanisani, kile kimkate chembamba kama karatasi, ili kila mmoja ammegee mwenzake na kumtakia heri. Clem akaenda kwa Bernadine. Akamnyooshea kaki, akasema, "Nakutakia..." akakwama. Akamtazama usoni, mwanamke anayempikia kwa miaka ishirini na sita, na jina halikuja. Nami kutoka upande wa pili wa meza, kwa furaha zangu na glasi mkononi, nikaanza: "Tano! Nne! Tatu!"

Bernadine alipiga meza kwa kiganja. "Leonard, nyamaza! Hebu mwangalie macho!"

Nikamwangalia. Alikuwa anaogopa, Delphine. Sijawahi kuona woga kwenye uso wa kaka yetu, hata siku trekta lilipomlalia mguu. Kaki ilikuwa imeshavunjika mkononi mwake.

Nisikuzungushe tena. Ni uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, mahali panapotunza maneno. Tulimpeleka hospitali kubwa, wakampiga picha, na tarehe tisa ya mwezi huu daktari, mama mmoja mpole, alitukalisha akatuambia kwamba hawawezi kuukata, kwamba dawa zitampunguzia tu maumivu ya kichwa. Nilimuuliza muda. Akasema labda wiki sita, labda kumi, na maneno yatakwenda kabla yake. Clem alikuwapo, akasikia kila kitu. Bado anaelewa yote, usije ukadanganyika. Ni kutoa ndiko kunakomshinda.

Nilimuuliza yule daktari kama tungemleta mwezi wa kumi na moja ingekuwaje. Alisema pengine isingebadilika sana. Alisema "pengine" na "sana", na maneno hayo mawili ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Ndani ya gari, tukirudi, Clem alinishika mkono wa koti. Kutoka hospitali mpaka daraja la mto alikuwa anatafuta maneno, na mwishowe akayapata: wewe usiambiwe. Uje Aprili kama kawaida yako, siku timu yetu ya besiboli ya Milwaukee inapofungua msimu nyumbani, mle soseji, mkae juani. Hataki uje kumtazama akifa. Nikamwahidi. Ningemwahidi chochote siku ile.

Kwa hiyo Jumapili ile uliponiuliza mbona Clem haji kwenye simu, nikakuambia yuko zizini. Hakuwa zizini. Alikuwa mbele yangu, mguu mmoja juu ya kiti, ananitikisia kichwa nisiseme. Nisamehe uwongo huo.

Juzi Jumamosi alitaka kwenda dukani. Bernadine hakupenda, lakini Clem alishavaa viatu. Wote walikuwa wanajua, nilishawaambia. Basi kikao chetu kikawa kama cha watu walioketi msibani. Duane, maskini, akajitahidi kuleta ubishi: eti saa imeisaidia besiboli au imeiharibu? Clem akainua kidole. Anataka kusema.

Tukangoja. Alfons akaacha kutia kuni. Clem alifungua mdomo, akafunga, akafungua, nasi tunamtazama kwa huruma, wanaume watatu wenye macho mekundu. Akatuzungukia kwa macho mmoja mmoja, na nikamwona anakasirika. Damu ikampanda shingoni.

"He... hesabuni," akasema.

Nani ahesabu? Duane akatazama buti zake. Clem akanigeukia mimi. "Leonard. Hesabu!"

Nikahesabu, dada. Tano. Nne. Tatu. Nilipofika mbili sauti ikagoma, nikarudi tano. Nikafika mbili tena, nikarudi tena tano. Duane akapayuka kwa sauti yake ile, "Refa gani huyu? Amelewa!" na Clem akacheka, akacheka kwelikweli, mate yakamtoka upande ule mbovu, sote tukacheka huku tunalia kama wapumbavu. Sijui nilirudi tano mara ngapi. Mwishowe akasema alichotaka kusema. Alisema, "Hata besiboli... siku hizi... inakwenda mbio."

Hakuna aliyembishia. Nilimfunga skafu, tukarudi nyumbani.

Sasa ninalokuomba. Usingoje Aprili. Mimi ni mtu wa futiboli, nimeishi na saa maisha yangu yote, na najua ikibaki kidogo inakuwaje. Asubuhi bado anakuwa na maneno, baada ya kahawa, yapata saa moja hivi. Kila wiki yanapungua. Alhamisi alimwita Bernadine kwa jina lako. Akamwita tena jioni, "Delphine, nipe chumvi," vizuri kabisa, bila kukwama. Bernadine akampa chumvi, wala hakumsahihisha. Alikwenda kulilia jikoni.

Najua una miaka sabini na sita na daktari wako hapendi usafiri wakati wa baridi. Najua mara ya mwisho kuja wakati wa theluji ni tulipomzika Mama, na uliapa hutarudia. Nimefikiria hayo yote. Kiwanja kidogo cha ndege cha hapa karibu kinapokea ndege kila siku, nitakuja kukuchukua mpaka mlangoni, na ngazi za nyumba nimezimwagia chumvi na mchanga, hata ng'ombe hawezi kuteleza. Chumba cha chini kina joto. Bernadine ameanza kukaanga maandazi ya jamu kama yale ya Mama, eti ni ya kabla ya Kwaresima, lakini Kwaresima bado wiki mbili na zaidi, na sote tunajua anamkaangia nani.

Clem akikasirika kwamba nimevunja ahadi, anikasirikie mimi. Ninastahili zaidi ya hapo. Lakini nisingeweza kukaa kimya mpaka maneno yamwishie yote, wewe uje ukae mbele yake asiweze kukuita hata jina. Wiki saba nilizompotezea mimi haziwezi kurudi. Hizi zilizobaki sitaki kukupotezea wewe.

Nisalimie sana shemeji Harlan, mwambie nitampigia mwenyewe. Nisalimie binti yenu Corinne na mumewe. Duane na Alfons wanakusalimu, Padri naye amekutaja kwenye misa. Mungu akufunike, akupe nguvu ya kusoma barua hii mpaka mwisho, na barabara iliyo wazi.

Mimi mdogo wako wa mwisho akupendaye siku zote,
Leonard

Nyongeza: Niliiacha barua hii mezani nikaenda kuwalisha ng'ombe. Niliporudi, Clem alikuwa ameketi kwenye kiti changu, miwani usoni, kurasa zote amezipanga mbele yake. Nikasubiri nigombezwe. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono nimpe kalamu, nami nikampa, nikasimama nyuma yake. Kahawa yangu ikapoa, Bernadine akaja akasimama nami, na hakuna aliyemharakisha. Maneno haya mawili ni yake, sikumshika mkono:

Njoo upesi