Mashine ya Kahawa Inayojiwasha

Bakari, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Salaam kutoka Msambweni. Sisi wazima, mbuzi amezaa pacha. Anayeniandikia ni dadako Mishi, nami nimemkataza kunipambia maneno.

Umeniuliza ununue mashine gani ya kahawa: ile ya kubonyeza, au ile unayoitegesha saa usiku, asubuhi ikajichemshia nawe ungali umelala. Hiyo ya pili imeninyima raha.

Nilipoolewa hapa, jirani yetu Bi Mwanasha, mjane aliyeishi peke yake, alitwanga kahawa yake kila alfajiri. Mimi nikinung'unika, "Huyu bibi na kinu chake, tutalala lini?" Siku moja kinu kikanyamaza. Mama mkwe akaruka kitandani. "Wee, Mwanasha hajatwanga! Kimbia!" Tulimkuta sakafuni, pumzi imembana, lakini yu hai. Tukamwahisha hospitali. Akapona, akarudi kutupigia kelele miaka mingi.

Sasa wewe uko Nairobi peke yako, na pumu yako naijua. Mashine hiyo itachemka tu. Jirani atasikia harufu ya kahawa, aseme, "Bakari ameshaamka," kumbe wewe uko chini, hujiwezi.

Nunua ya kubonyeza, baba. Na kama umeshanunua hiyo nyingine, usiitegeshe. Inuka uiwashe kwa mkono wako, kisha unipigie simu. Kama huna la kusema, usiseme. Nisikie tu unavyopumua.

Bibi yako anayekupenda kwa hofu,
Mwanakombo