Mume Wangu Anasema "Sawa, Sawa" Bila Kusikia

Shangazi mpendwa, nisaidie, tena upesi, maana Jumamosi iko mlangoni na mimi furaha na hofu vimenibana pamoja hata sindano naishika kinyume.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni seremala mwenye karakana yake, misumeno ya umeme inanguruma kutwa, na tangu tuoane kila nikitamani kutembea jibu lilikuwa "Kazi nyingi, Mama Watoto," mpaka jioni moja alipokuwa ananawa mikono amenipa mgongo nikamuuliza, "Baba Watoto, chai nikuwekee mezani au nikumwagie kichwani?" naye akajibu kwa upole, "Sawa, sawa." Shangazi, nilicheka hadi nikakaa chini, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilielewa kwamba mume wangu hasikii, na kwamba zile "sawa, sawa" zote nilizokuwa nikizipata siku hizi zilikuwa za kufunika aibu.

Mke mwema angezungumza naye papo hapo. Mimi shetani akanipitia, na Ijumaa nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho tunakwenda milimani na watoto, gari nimeshaagiza, umekubali?" "Sawa, sawa." Asubuhi gari linapiga honi, watoto wamevaa, yeye akatutazama, akajikuna kichwa, akauliza kofia yake iko wapi, akapanda, kwa kuwa kuuliza tunakwenda wapi kungekuwa kukiri kwamba hakusikia!

Na milimani kwenyewe, Shangazi! Ukungu uliingia dirishani bila hodi, watoto wakawa wanaukamata kwa mikono, tukalala wanne tumebanana chini ya mablanketi tukigombana miguu ya nani ni ya baridi, nikajiambia kumbe dunia ni tamu hivi na mimi nimejifungia na mapindo ya suruali. Safari ya pili nikamwomba tena nikiwa nyuma ya mgongo wake, tukaenda kwenye maporomoko, na huko ndiko nilikomwona mume wangu. Maji yanaanguka kwa kishindo ambacho hata umpigie mtu kelele sikioni haambulii kitu, sisi watatu tunapayuka bure, yeye peke yake ndiye aliyetulia, anaongea kwa mikono kama wanavyoongea karakanani mashine zikiwaka, akamwonyesha binti yetu kwamba mama yako amelowa kama paka aliyetumbukia pipani, akamwonyesha mdogo wake avue viatu, wote wakaelewa, wote wakacheka, na mimi nikalia palepale, nani angejua, uso mzima ulikuwa maji. Nilimpenda upya, nakwambia ukweli.

Tukawa wagonjwa wa safari. Kitindamimba wetu siku hizi anapakia begi Jumatano na kulala nalo. Safari ya tatu ilikuwa ya msituni, na tulikwenda kifahari, maana Alhamisi baba yao alikuja na fimbo nne za kutembelea, zimepigwa msasa zikalainika, kila moja kwa kimo cha mwenyewe, na Ijumaa nikamwomba kama kawaida, mgongoni, akasema sawa, sawa. Lakini huko mwongozaji wetu alipiga kelele "Simameni!" mbele ya daraja la magogo, sote tukasimama, baba yao akaendelea, gogo likakatika, mguu ukazama mpaka pajani. Akatoka anacheka, akasema alikuwa analijaribu. Watoto wakampigia makofi. Mimi nilijua hakusikia.

Jumamosi hii watoto wanataka njia ya juu ya genge, nyembamba, wameniganda kama kupe. Nikimwambia baba yao kwamba najua, atagundua nilimchezea, ataona haya na safari zitakufa. Nikinyamaza, nitampoteza yeye mwenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mke wa Bwana Sawa-Sawa

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, nimecheka mpaka miwani ikadondoka, kisha nikaiokota na kukukasirikia. Masikio ya mumeo yanaharibika, na wewe umeyafanya tiketi ya gari! Lile gogo lingekuwa ukingo wa genge, leo ungeniandikia barua nyingine.

Lakini kabla sijakuchapa zaidi, soma tena ulichoandika. Fimbo zililetwa Alhamisi. Ruhusa uliiomba Ijumaa. Seremala gani anachonga fimbo nne za safari ambayo hajaambiwa? Sijui alijuaje, labda begi la kitindamimba lilimwambia kila kitu. Ninachojua ni kwamba safari hiyo hukumdanganya mtu. Alipima kimo cha kila mmoja wenu, na chake pia. Anataka kwenda, mama, tena sana, ila baada ya kuimba "kazi nyingi" miaka yote hiyo anaona haya kusema, kama anavyoona haya kusema hasikii. Mmefichana kitu ambacho wote wawili mnakipenda.

Basi leo funika cherehani. Kaa mbele yake, si nyuma, mwanga ukuangukie usoni aione midomo yako, umwambie unajua na wala humwonei aibu. Hadithi ya chai iache kwanza, mtaicheka baadaye. Kesho mwende kwa daktari wa masikio, na uende naye wewe, usimtume. Huenda ni nta na vumbi la mbao, huenda ni zaidi. Hilo si la kwangu wala la kwako kuamua. Karakanani avae vizuizi vya kelele masikioni, na wafanyakazi wake wavae, asikuletee hadithi kwamba vinawasha. Zile ishara za mikono awafundishe nyote, ya "simama" iwe ya kwanza. Msituni asitembee mbele, awafuate ninyi, macho kwenye mikono yenu.

Na genge, hapana. Watoto wakinuna, wanune.

Jumamosi rudini kwenye maporomoko. Ila usimwombe mgongoni tena. Mzunguke, mtazame, sema polepole, "Twende?" Halafu nyamaza, umsubiri. Akisema "sawa", moja tu, ujue amekusikia.