Hina ya Kiganja Kimoja

Jumatatu, 12 Mei
Gredi ya Saba tena. Nimeweka glasi ya maji ya barafu mezani, nikagawa ubao mara mbili: Nilichoona, Nilichodhania. Glasi ikalowa kwa nje. Nikauliza wameona nini. Darasa zima: "Inavuja, Mwalimu!" Nikaifuta, nikaiinua, nikawaonyesha haina ufa.
"Basi ufa ni mdogo sana," akasema Riziki. Wakaangua kicheko.
Wiki ya pili kwa somo lilelile. Nimechoka.

Jumanne, 13 Mei
Jioni nimepaka hina kiganja cha kushoto. Pakiti ilikuwa kabatini tangu mume wangu Bakari yu hai. Eda ilikwisha zamani, hakuna wa kunikataza. Bakari alikuwa akinusa kiganja changu kabla ya kwenda kazini. Akisema kinanukia shamba lililonyeshewa. Nilitaka harufu ile tu.
Mavyaa, mamake Bakari, aliona.

Jumatano, 14 Mei
Siku mbaya. Nilipoinua mkono wa kushoto kuwanyamazisha, wasichana wakapiga vigelegele. Nikasema haya, tufanye somo. Riziki, unaona nini?
"Naona bibi harusi, Mwalimu."
Hiyo ni dhana, nikamwambia. Umeona rangi kwenye kiganja. Akatikisa kichwa, akaniuliza nani hupaka hina bila harusi. Nikawafokea wote. Siku zote huwa siwafokei.
Ofisini mwalimu mwenzangu wa kutoka bara akanidaka: "Madam, pilau ni lini?" Hata yeye. Ana digrii ya sayansi.

Alhamisi, 15 Mei
Mamake Riziki anauza mahamri. Mavyaa hununua kwake kila asubuhi. Basi neno limefika nyumbani.
Nimerudi kutoka shule, nimekuta begi la Mavyaa mlangoni, limefungwa. Tangu mazishi yuko hapa kunilelea Zainabu. Akirudi kwao Mkwiro sina wa kumwachia mtoto. Tena sina wa kumtaja Bakari mbele yake.
Nikamwambia hakuna posa, Mama. Wallahi hakuna mtu.
"Mimi si mtoto. Nimeona kwa macho yangu."
Ameona hina! Hina tu. Nilitaka kupiga kelele. Nimekwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 16 Mei
Sikufundisha somo lile. Nimewapa zoezi la kitabuni. Wakati wa chakula cha jioni Zainabu aliuliza kwa nini bibi hali. Nina hasira na shule nzima, na mahamri pia.

Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi nimemweleza Mavyaa yote. Kabati, pakiti, jinsi Bakari alivyokuwa akinusa. Niliona haya kumwambia mama mambo ya mwanawe, lakini nilisema.
Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.
"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Hata shuka ikifuliwa, lazima aitie puani kwanza."
Nilikuwa silijui hilo.
Akachambua tena. Kisha, bila kuniangalia: "Siku ukiolewa, niambie wewe, mwanangu. Nisisikie kwenye mahamri."
Nilitaka kuapa kwamba siolewi. Ulimi ukakataa, maana sijui. Nikasema nitakwambia, Mama.
Akamwita Zainabu aoge. Mimi akanituma nazi mbili, za wali wa kesho. Begi lilikuwa bado pale mlangoni. Sikuuliza. Nikalipita, nikaenda dukani.