Vidole Vilivyoshika Chumvi

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Garsen tu wazima, na yule mbuzi wako amezaa. Umeuliza mbona ishara za viziwi unazojifunza chuoni zinakutoka kichwani upesi kuliko maneno.

Dada yangu Maria, aliyekuwa kiziwi, alikuwa akinituma dukani kwa ishara kutoka shamba la mpunga: chumvi, kiberiti, sindano. Njiani nilivirudia mdomoni. Lakini kwetu humpiti mtu bila salamu, na kila nilipojibu habari za nyumbani, kitu kimoja kilinitoka. Maria alicheka, akanikunja vidole kwa ishara ya kila kitu: shikilia huku. Tangu hapo mdomo ulisalimia, mkono ukakumbuka.

Labda nawe unazibeba ishara zako mdomoni, mwanangu.

Maria tulimzika kitambo. Jana nikisalimiwa njiani, vidole vyangu vilisema chumvi.

Nyanya yako