Ufagio Ulionekana Kutoka Juu

Mwanangu,

Ukirudi na sabuni, rudia kufua mashuka. Upepo wa droni yako ndio uliyatia vumbi. ~~Na droni yenyewe irudishe dukani.~~ Hapana, hilo liache.

Asubuhi nilikufokea, nawe ukanionyesha tu picha kwenye simu. Nikajitia sijali. Ua huu naufagia tangu hujazaliwa, na siku zote nauona nikiwa nimeinama: vumbi na majani. Kumbe ukitazamwa kutoka juu, alama za ufagio wangu zimepangana kama magamba ya samaki, toka mlangoni hadi ukutani, nami nimo katikati kama tone la wino. Kidude cha bei ya chee kimeona ambacho nyumba nzima hamjawahi kukiona.

Chakula kimo sufuriani, kipashe moto. Baba yako mwambie apite kando ya ukuta, na yale mabuti yake.

Ua nimeufagia upya na kuku nimewafungia bandani. Droni irushe juu, mbali na kamba ya nguo, ndipo uwafungulie.

Mama yako, mchoraji